Zuleica na Rolo la Tatu

Zuleica Ossufo alikuwa na miaka hamsini na saba, alikuwa ameolewa mara tatu, na alikuwa na vidole tisa na nusu. Nusu iliyokosekana ilikuwa ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Ililiwa na mashine. Ukimwuliza habari zake angekujibu kwamba kati ya mashine na mume wake wa kwanza, mashine ndiyo iliyolelewa vizuri, maana ilipoonja kidole iliridhika na nusu.

Alikuwa fundi wa magodoro mjini Palma, upande wa bondeni kunakoshukia njia ya pwani. Magodoro yake yalikuwa ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi ambazo wanawake huzifukia kwenye matope ya pwani miezi sita, mpaka makumbi yalainike, kisha wakayafukua, wakayatwanga, wakaianika ile minyuzi juani. Kazi hiyo ina harufu. Siku Zuleica akifukua makumbi mtaa mzima ulijua kabla ya kumwona, na imamu wa msikiti wa jirani siku hiyo alichagua sura fupi.

Ukishaanika usumba bado hujapata godoro. Umepata rundo la vifundo. Lazima uchambue, utenganishe uzi na uzi, uondoe vumbi, mpaka usumba ufure kama manyoya ya kuku aliyekasirika. Wengine wanachambua kwa vidole. Zuleica alikuwa na mashine. Ilikuwa mali ya Mhindi mmoja mwenye duka aliyeondoka kwa haraka mwaka wa uhuru. Mizigo yake yote iliingia chomboni isipokuwa ile mashine, na mzee Ossufo, baba yake Zuleica, aliyekuwa mpagazi wake, akabaki nayo kama ukumbusho ambao hakuuomba. Ilikuwa sanduku la mbao, na ndani yake magogo mawili ya duara, moja kubwa na moja dogo, yamelala ubavu kwa ubavu, yamepigiliwa meno ya chuma mwili mzima kama nungunungu. Mhindi aliyaita marolo, na Zuleica naye akayaita hivyo hivyo. Usumba ulipita katikati. Meno ya rolo kubwa yaliuvuta, meno ya rolo dogo yaliuzuia, na katika kuvutana huko vifundo vikafunguka.

Kilichozungusha marolo ni baiskeli isiyo na magurudumu iliyofungwa kwenye fremu, na aliyepiga pedeli ni Abacar, mume wa tatu. Abacar alikuwa mwalimu wa madrasa kwa miaka thelathini, na huko alijifunza kulala ameketi wima, macho nusu wazi, huku midomo ikitikisika kidogo. Sasa kipaji hicho kilimfaa juu ya tandiko.

Maana mashine ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Rolo kubwa lilipokea na halikutoa. Usumba ulichambuka vizuri, halafu badala ya kuanguka chini ulijizungusha kwenye rolo, duru juu ya duru, mpaka meno yakazama na mashine ikagoma. Kila baada ya dakika kumi Abacar alisimama, Zuleica akachukua kisu, akakata na kubandua, akitukana. Rolo hilo alilipa jina la mume wa kwanza, Saíde, kwa sababu Saíde naye kila alichopewa alikizungushia mwilini mwake. Wakati mke anabandua, mume wa tatu alisinzia. Godoro moja liliwachukua siku nne, na katika siku hizo nne tatu nzima zilikuwa za usingizi wa Abacar.

Wangeendelea hivyo mpaka kufa kwao kama si gesi.

Meli za kutafuta zilikuwa zimeshapata zilichokuwa zinatafuta huko baharini, na Palma ikafurika watu ambao mwaka mmoja nyuma wasingeweza kuionyesha kwenye ramani. Kila mmoja alikuja na faili kwapani. Kila wiki kulikuwa na mkutano wa kuwaeleza wananchi, na kila mkutano uligawa fulana na kofia, mpaka mtaani kila mtu akawa na kofia mbili, na kila mwenye kofia mbili akawa mtaalamu wa gesi. Abacar hakukosa mkutano hata mmoja. Alikwenda kwa ajili ya sambusa, na alirudi na maneno: fursa, ushirikishwaji, uendelevu. Zuleica alimwambia kwamba maneno hayo yangekuwa na ladha zaidi kama yangefungwa kwenye karatasi pamoja na sambusa mbili za mke wake.

Wageni hao wote walihitaji mahali pa kulala. Dona Isabel, mwanamke wa Pemba mwenye kifua kama mlango wa ghala na sauti inayolingana nacho, alijenga pensão, nyumba ya wageni ya vyumba ishirini na nne pale juu, karibu na njia ya kwenda Pundanhar. Vitanda vilifika. Magodoro ya sponji aliyoyaagiza Nampula hayakufika. Mvua zilikata barabara baada ya Mocímboa, lori likazama mpaka ekseli, na habari zilizokuja ni kwamba dereva na utingo wake wanalala vizuri sana. Dona Isabel akamfuata Zuleica. Alilibonyeza godoro lililokuwa uani kwa ngumi, kisha akalala juu yake na viatu vyake, akatazama minazi kwa muda, akainuka na kusema anataka ishirini na manne ndani ya wiki saba.

Zuleica hakuwa mjinga wa kuhesabu. Kwa mwendo wa Saíde, wiki saba ni magodoro kumi na mawili, na hayo ukiomba Mungu Abacar asiumwe. Lakini mdomo wake ulikuwa na tabia ya kutangulia.

"Nitaweza," alisema.

Dona Isabel akaondoka, na Zuleica akabaki akiitazama mashine kama mtu aliyeahidi mahari asiyokuwa nayo.

Siku tatu baadaye alikuja Gildo. Gildo alikuwa enjinyeiro, mhandisi kijana kutoka Maputo, aliyepewa kazi na kampuni moja iliyokuwa inaandaa kambi huko Afungi. Kazi yake ilikuwa kutafuta miradi ya wananchi na kuiboresha. Alivaa helmeti ya njano muda wote, ingawa Palma hakukuwa na kitu cha kumwangukia mtu kichwani isipokuwa nazi. Na kwa upande wa nazi, kusema kweli, helmeti ilikuwa na hoja. Kiswahili chake kilikuwa cha miezi mitatu na kilichechemea, lakini alikuwa na adabu, na aliposikia juu ya mashine ya Bi Zuleica alikuja mwenyewe kwa miguu. Akapima kwa futi, akapiga picha pande zote, akamwambia kwamba tatizo limeonekana: rolo ni zee. Kampuni italeta rolo la kisasa.

Zuleica alimwambia uzee si tatizo. "Mimi mwenyewe nina miaka hamsini na saba, mwanangu, na kila ninachopewa bado nakitoa. Huyu anapokea na hatoi. Hiyo ni tabia, si umri."

Gildo aliandika kwenye daftari: *rolo zee, miaka hamsini na saba.*

Rolo la kisasa lilishushwa kwenye bandari ya Mocímboa ndani ya kasha kubwa kuliko lenyewe, likaletwa Palma kwa trekta, kwa kuwa tope la barabara halikuruhusu lori. Lilikuwa la chuma kinachong'aa, limevikwa kitambaa kizito chenye visindano vyembamba maelfu kwa maelfu, vimekaa kwa mpangilio wa kupendeza. Zuleica alilipitishia kiganja. Lilikuwa laini kama ndevu za kwanza za bwana harusi. Akamwambia Gildo kwamba kitu hiki ni cha pamba, na usumba si pamba. Usumba ni kamba ambayo haijasokotwa. Gildo akamwonyesha karatasi iliyosema rolo linafaa kwa nyuzi zote za asili. Zuleica hakujua kusoma Kireno vya kutosha kubishana na karatasi, na isitoshe trekta lilikuwa limeshaondoka.

Sherehe ilipangwa Jumatano. Alikuja mkubwa mmoja wa serikali, na wa kampuni wawili, na wote waliokuwa na kofia mbili. Iliwekwa meza yenye kitambaa cheupe na chupa za soda, na utepe wa kijani ukafungwa, ncha moja kwenye mguu wa mashine na ncha nyingine kwenye kona ya kile kitambaa cha meza, kwa kuwa hapakuwa na nguzo. Mkubwa alihutubia dakika hamsini. Alisema godoro ni msingi wa taifa. Abacar alikuwa juu ya tandiko tangu mwanzo wa hotuba, kanzu imepigwa pasi, na kufika dakika ya ishirini alikuwa ameshalala. Alipoguswa bega aanze, alianza kupiga pedeli bila kufungua macho, kama alivyozoea.

Kwa dakika tatu rolo lilizunguka kwa utulivu na watu wakapiga makofi. Kisha usumba ukaanza kuuma. Vile visindano vikainama, safu baada ya safu, kama jamaa inayorukuu. Vikalala, halafu kitambaa chenyewe kikabanduka kutoka kwenye chuma, kikajizungusha, kikaukamata utepe. Mkubwa alikuwa amejiandaa kukata. Akabaki na mkasi mkononi na kipande cha utepe cha kutosha kufunga kidonda, huku utepe uliobaki ukienda zake, na kitambaa cha meza kikiufuata utepe, na chupa kumi na moja za soda zikikifuata kitambaa. Mngurumo ulikuwa mkubwa. Abacar, aliyedhani ni makofi, akaongeza mwendo. Mpaka mnyororo ulipokatika naye akaanguka chali na kanzu yake yote, meza ilikuwa imeshafika nusu ya njia ya kuingia mashineni.

Mtaa ulicheka mpaka mwanamke mmoja mjamzito ikabidi akalazwe kivulini. Gildo alivua helmeti akaishika kifuani.

Zuleica hakucheka. Watu walidhani ana hasira na kampuni, lakini hasira yake ilikuwa kwake mwenyewe. Alijua kabla ya trekta kuondoka, alijua kwa kiganja chake, na alinyamaza kwa sababu ya karatasi. Wiki tatu zilikuwa zimekwenda na alikuwa na magodoro matano. Alimrudisha Saíde mahali pake, akashika kisu, na siku nzima hakumtukana mtu, jambo lililomtia Abacar wasiwasi mkubwa kuliko kuanguka kwake. Dona Isabel naye alituma ujumbe kwamba anga linaonekana kung'aa upande wa Mocímboa, na barabara ikikauka lori litatembea.

Ijumaa mchana Zuleica alikaa kibarazani kusukwa. Msusi wake alikuwa Atija, binti wa marehemu dada yake, msichana wa maneno machache na mkono mzito. Atija alichana, akachana, na kitana kikajaa nywele mpaka meno hayaonekani. Akachukua kitana cha pili. Kwanza alikipitisha kwenye kile cha kwanza jino kwa jino, vikashikana, vikagoma. Akakigeuza, akakiingiza kutoka mgongoni mwa yale meno, akakisukuma upesi mara moja, na bonge lote la nywele likanyanyuka likaanguka chini.

Zuleica aliyaona hayo kwa pembe ya jicho. "Rudia," alisema.

"Nirudie nini, mama mdogo?"

"Hicho ulichofanya. Jaza kitana, halafu kisafishe."

Atija akarudia. Jino kwa jino: vinashikana. Kutoka mgongoni: vinaachana. Zuleica akamnyang'anya vitana vyote viwili, akainuka, akashuka barazani na kuzunguka nyumba kwenda kwenye mashine, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, bila kanga wala leso, saa ileile wanaume walipokuwa wanatoka kuswali Ijumaa. Waliinamisha macho, si wote, na si kwa haraka. Yeye hakuwaona. Alikuwa amepiga magoti mbele ya marolo akilinganisha meno ya vitana na meno ya chuma.

Miaka yote alikuwa akiyatazama bila kuyaona. Meno ya Saíde na meno ya rolo dogo yalielekeana, kama watu wawili walioshikana makosi ya shati. Ndiyo maana yalichambua. Ugomvi huo ulikuwa mzuri na ulikuwa wa lazima. Lakini hapakuwa na wa tatu wa kuja kwa nyuma na kuwaondolea walichoshikilia. Mhindi huenda alikuwa na rolo hilo. Labda liliingia chomboni na mizigo mingine, labda lilichomwa kuni. Kwa vyovyote lilihitajika rolo la tatu, na meno yake yaje kutoka mgongoni.

Alikwenda kwa Aiuba, fundi wa mashua, ambaye miezi hiyo hakuwa akiunda mashua yoyote kwa sababu alikuwa anangoja kampuni imwagize meli. Aiuba alimsikiliza, akacheka, kisha kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli chini ya uvivu wake, akachukua kipande kikavu cha mti wa mkongo na kuanza kukichonga duara. Wakatoboa matundu mia tatu na sitini. Meno waliyatengeneza kwa spoki za baiskeli, zikakatwa na kukunjwa kwa koleo moja moja. Aiuba alitaka meno yasimame wima, kwa kuwa kitu wima kina nguvu. Zuleica alitaka yalale kidogo, yawe na mwelekeo. Waligombana siku mbili juu ya kulala huko, na maneno waliyotumia yalimfanya mke wa Aiuba aje kusimama mlangoni asikilize vizuri. Mwishowe Zuleica aliyakunja yote mwenyewe, akipima kila jino kwa kile kidole chake cha nusu, ambacho alidai kina akili kuliko vile tisa, kwa kuwa kimesoma.

Jaribio la kwanza liliharibika. Rolo la tatu lilifungwa, Abacar akapiga pedeli, na usumba badala ya kuondolewa kwa Saíde ulilifunika na hilo jipya.

"Zamani ulikuwa na Saíde mmoja," alisema Aiuba. "Sasa unao wawili."

Zuleica alikaa chini ya kivuli cha banda na vitana vyake. Alivipitisha mgongoni polepole: nywele ziling'ang'ania. Alivipitisha upesi: ziliachia. Akafanya hivyo mara nyingi hata Abacar akadhani amepatwa na wazimu na kwenda kumletea maji. Alipoyanywa alikuwa ameshapata jibu. Vitana vyote viwili vikienda mwendo mmoja havinyang'anyani kitu. Anayetaka kumpokonya mwenzake lazima awe na mbio kuliko mwenzake. Akamwambia Aiuba aifungue ile gia kubwa ya mnyororo kwenye rolo jipya aweke ndogo kuliko zote atakayoipata sokoni, ili Saíde akizunguka mara moja, huyu azunguke mara tatu.

Majirani wa ng'ambo ya ua siku hiyo walikuwa na hitima ya mzee wao. Mikeka ilikuwa imetandikwa, pilau imepakuliwa, na shehe alikuwa katikati ya dua ndefu. Upande wa pili Abacar alianza kupiga pedeli. Safari hii usumba haukuzunguka popote. Uliingia, ukachambuka, rolo la tatu likaunyakua mgongoni mwa Saíde na kuutupa kwa mbio zilezile: juu, kupita ua wa makuti, kwenda kwa jirani. Ulinyesha laini na wa dhahabu, ukatua kwenye ndevu, kwenye kofia, kwenye sinia za pilau. Shehe alifungua jicho moja, akaona mbingu zimebadilika, akasema amina kabla ya wakati wake. Wengine wakaitikia kwa shukrani, maana pilau ilikuwa inapoa.

Zuleica aliingia uani kwao kwa heshima zote, akaomba radhi kwa wafiwa, akawapa pole ya msiba kwa mara ya pili. Lakini wakati anaomba radhi mikono yake ilikuwa inaokota usumba kwenye mikeka na kuujaza kwenye kanga, kwa kuwa ulikuwa umechambuka vizuri mno kuachwa. Mjane mwenyewe, mama mkongwe asiye na jino, alishika kipande akakipapasa na kuuliza kama godoro lake lingeweza kujazwa kitu hiki. Zuleica alimwambia la kwake litakuwa la kwanza baada ya yale ya Dona Isabel.

Kilichokuwa kimebaki ni kifuniko cha kuuzuia usumba usisafiri. Kwenye lango la Zuleica, siku ya sherehe, kampuni ilikuwa imesimamisha bati kubwa lililoandikwa jina la mradi. Waliling'oa, wakalikunja kama paa juu ya rolo la tatu, maandishi yakielekea ndani. Likafaa sana. Usumba ulipiga bati ukaanguka chini kwenye gunia, na kuanzia asubuhi hiyo Zuleica alitoa godoro moja kila siku, hata Ijumaa. Godoro la ishirini na nne lilipandishwa pensão kwa mkokoteni siku mbili kabla ya wiki saba kutimia. Dona Isabel alililalia na viatu vyake, akasema ni gumu kidogo kuliko la kwanza. Ilikuwa shukrani, kwa mwanamke yule hakukuwa na nyingine.

Gildo alirudi wiki iliyofuata, bila helmeti. Alikuja kuangalia bati lake liko wapi. Alipooneshwa lilipo alichuchumaa akachungulia ndani, akaliona jina la mradi limeparuzwa na usumba, kisha akayaona yale marolo matatu, akasahau habari za bati. Akaomba aelezwe. Zuleica akatafuta kitu cha kuelezea, na kwa kuwa Gildo alikuwa amenyoa kichwa, akamwita Abacar, akamkalisha kigodani, akaanza kumchana ndevu. Akajaza kitana cha kwanza, akaja na cha pili, jino kwa jino, kisha kwa mgongoni, polepole, kisha upesi. Abacar alivumilia kwa utulivu wa mtu aliyeoa akijua anaoa nani.

Gildo alichuchumaa tena mbele ya marolo. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Mama, mimi nilisomea haya," alisema. "Miaka mitano. Kuna picha yake kwenye kitabu. Nilipofika hapa sikukumbuka kutazama meno yanaelekea wapi."

"Na mimi nilikaa nayo miaka thelathini."

"Lakini kwenye ripoti nimeshaandika kwamba mashine imeboreshwa."

Zuleica alifuta kitana kwenye kanga. "Hukusema uongo, mwanangu. Uliwahi tu."

Gildo alitaka kuifuta ripoti yote. Zuleica alimkataza, akamwambia aongeze mstari mmoja, kwamba rolo la tatu lilifanywa na Zuleica Ossufo, wa Palma, pamoja na Aiuba, fundi wa mashua. Kijana aliuandika papo hapo, akamsomea kwa Kireno na kisha kwa Kiswahili chake kinachochechemea, na Zuleica akamwambia aandike na Atija, msusi. Kama kule Maputo kuna aliyeusoma mstari huo, hakuna ajuaye.

Hapo ungedhani nyumba imepata amani. Lakini katika nyumba ile kulikuwa na mmoja ambaye maendeleo yalimwangamiza. Mashine ilikuwa haisimami tena. Hakukuwa na kisu, hakukuwa na kubandua, kwa hiyo hakukuwa na usingizi. Abacar alipiga pedeli tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, na tangu adhuhuri mpaka alasiri, akiwa macho, jambo ambalo mwili wake haukuwa umelizoea. Siku ya kumi na mbili baada ya Gildo kurudi alishuka, akakaa chini, akatangaza mgomo. Alitumia maneno ya mikutanoni: alisema hakushirikishwa, na kwamba hali hii si endelevu.

Zuleica alimpa matusi ya kufungulia. Alikuwa ameandaa mengine, ila Abacar alipandisha kanzu ili kukaa vizuri, naye akaiona miguu yake. Vifundo vilikuwa vimevimba mpaka vinang'aa. Alikuwa na miaka sabini. Hakuwa amelalamika hata siku moja tangu rolo la tatu lifungwe, na Zuleica, aliyekuwa akitazama meno ya marolo mchana kutwa, hakuwa ameitazama hiyo miguu.

Aliingia ndani akatoka amevaa suruali ya Abacar chini ya kanga, akaifunga kanga kiunoni, akapanda tandiko. Atija alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza mwaka huo. Mtaa ukajaa kwenye ua kuchungulia. Haikupita saa moja wazee wakatuma mtu, kwa upole, kusema kwamba mwanamke wa umri wake kupanda baiskeli hadharani si jambo la kupendeza. Zuleica alimjibu mjumbe bila kupunguza mwendo kwamba baiskeli hiyo haiendi mahali popote, kwa hiyo yeye hajapanda. Ameketi tu, na miguu ndiyo inayotembea. Mjumbe alirudi na hoja hiyo, na inasemekana wazee waliijadili mpaka magharibi bila kuafikiana.

Barabara ilipokauka sponji zilikuja, lori baada ya lori, na wateja wengine wakazikimbilia. Zuleica alipoteza karibu nusu yao. Joto la Novemba likamrudishia baadhi, migongo imejaa vipele. Atija akaacha kusuka akawa fundi wa pedeli asubuhi, Zuleica mchana, na Abacar akakaa chini kwenye mkeka akilisha usumba kwa mikono, kazi aliyoifanya polepole na vizuri.

Mwezi huo huo Zuleica alishona godoro ambalo halikuwa la mteja yeyote. Miaka tisa ya ndoa yao fundi wa magodoro na mumewe walikuwa wanalala kwenye mkeka juu ya kitanda cha kamba, kwa sababu kila godoro lililokwisha lilikuwa na mwenyewe. Hili alilijaza usumba wa daraja la kwanza, akalitia mishono ya karibu karibu, akamwita Abacar mchana kweupe waje kulijaribu, akafunga mlango. Majirani walioona mlango ukifungwa walifikia uamuzi wao. Ndani, wale wawili walilala chali, kila mmoja upande wake, hawajazoea.

Abacar alisema ni laini mno, litamharibia mgongo.

"Nyamaza," alisema Zuleica, na usingizi ukamchukua yeye kwanza.